Jenereta Halikimbii

Kitenzi chenye maana nyingi kuliko vyote katika Kiingereza kina herufi tatu tu: run. Wahariri wa Oxford English Dictionary, ile kamusi kubwa inayofuatilia historia ya kila neno la lugha hiyo, walipomaliza kukipitia upya mwaka 2011 walihesabu maana 645. Hapo ni kitenzi peke yake, nomino ina hesabu yake. Mhariri aliyekabidhiwa kazi hiyo, Peter Gilliver, alikaa na neno hilo moja miezi tisa.

Sisi tunalimaliza kwa sekunde mbili. Mwalimu anaandika ubaoni run, anaweka alama ya usawa, anaandika kukimbia, kisha anashuka mstari unaofuata: sit, kukaa; stand, kusimama. Nilisoma hivyo, na watoto wa dada yangu wanasoma hivyo mpaka leo. Daftari linajaa, mtihani unapita, na mtoto anaondoka akiamini neno amelijua.

Nafundisha Kiingereza jioni, Dar es Salaam, darasa la watu wazima. Wapo wauza spea, madereva wa watalii, dada wa mapokezi hotelini, mshonaji mmoja. Hawaji kwa ajili ya cheti. Wanakuja kwa sababu kuna karatasi, lebo au mteja aliyewakwamisha kazini. Mmoja wao ni fundi wa majenereta. Siku moja alikuja na kijitabu kinachotoka ndani ya boksi la jenereta dogo la petroli, kimekunjwa mfukoni mpaka kimelainika, na ndani amepigia mstari onyo moja: Do not refuel while the engine is running. Juu yake, kwa kalamu ya bluu, ameandika neno kwa neno: usijaze mafuta wakati injini inakimbia.

"Mwalimu," akaniuliza, "hii injini inakimbia kwenda wapi?"

Lilikuwa swali la mtu mwenye akili timamu. Yeye mwenyewe hajazi mafuta jenereta likiwa linawaka. Ameshaona petroli ikimwagikia ekzosi yenye moto na anajua kinachofuata. Kilichomsumbua ni wateja. Kuna waliomwambia kwamba kitabu wamekisoma, na walivyokielewa kinakataza kujaza mafuta jenereta likiwa juu ya gari linalotembea. Jenereta limetulia barazani, halikimbii, basi ruksa. Wamelisoma onyo, wamelitafsiri kwa yale waliyofundishwa shuleni, na tafsiri imewapeleka kwenye hatari ileile ambayo onyo liliandikwa kuizuia. Tangu siku ile siwezi kulitazama neno hili kama jambo la daftarini tu.

Hebu tazama sisi tunavyosema. Jenereta linawaka. Gari linawaka, dereva anawasha, akifika anazima. Tunawasha simu, tunawasha feni, tunawasha kompyuta, tunawasha hata friji, ambayo kazi yake ni kugandisha maji. Simu ikiisha chaji, imezima. Katika vitu hivyo huoni mwali wala moshi, lakini Kiswahili kilipokutana na mashine kiliitazama kwa jicho la watu waliozoea kibatari, kandili na mafiga: kitu kinachofanya kazi ni kitu kilichowashwa.

Kiingereza kiliitazama mashine kwa jicho jingine. Kiliona maji.

Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, kitenzi hiki kilikuwa rinnan, na umbo lake jingine irnan. Kilibeba mambo mawili kwa pamoja, kiumbe kwenda mbio na maji kutiririka. Kijerumani, lugha iliyotoka tumbo moja na Kiingereza, kiliyatenganisha: leo rinnen ni kutiririka na rennen ni kukimbia. Kiingereza hakikutenganisha. Mto, machozi, bomba lililoachwa wazi, pua yenye mafua, na mtoto anayefukuza tairi mtaani, vyote vinapewa kitenzi kimoja. Kwa hiyo kabla hata ya mashine kuja, moyo wa neno hili haukuwa miguu. Ulikuwa mwendo usiokatika, kitu kinachotoka huku kikaenda kule bila kuzuiwa.

Sasa weka neno hilo katika nchi ya vinu vya maji. Mwaka 1086, mfalme William akiwa ameshaamuru mali zote za Uingereza ziandikwe, waandishi wake waliorodhesha vinu zaidi ya 5,000. Maji yanatiririka, gurudumu linazunguka kwa nguvu ya maji, jiwe la kusagia linazunguka kwa nguvu ya gurudumu. Ukisimama mlangoni mwa kinu cha namna hiyo huwezi kusema mwendo wa maji umeishia wapi na wa mashine umeanzia wapi. Nionavyo mimi, ni hapo mazoea ya lugha yalipojengeka: maji yakienda, kinu kinakwenda, na vyote viwili vinasemwa kwa neno lilelile. Mwaka 1771 Richard Arkwright alijenga kiwanda chake cha kusokota pamba huko Cromford, Derbyshire, nacho kikaendeshwa na maji. Mvuke ulipochukua nafasi ya maji, neno halikuondoka. Treni zilipoanza safari kati ya Liverpool na Manchester mwaka 1830, zilipewa neno hilohilo, na ratiba zake pia. Baadaye umeme, baadaye kompyuta na programu zake. Leo kijana anayebofya kitufe ili programu ifanye kazi anatumia kitenzi cha mto.

Halafu kuna hatua moja zaidi, na hii ndiyo iliyoongeza maana kwa kasi. Mashine ikishakuwa na mwendo wake, mwenye mashine naye anaingia ndani ya neno: yeye ndiye anayeifanya iende. Kutoka kuendesha kinu unafika kuendesha kiwanda, duka, hospitali, hatimaye nchi. Meneja aliyekaa ofisini kutwa nzima hajainua mguu, na bado Kiingereza kinamwambia anarun.

Yote haya yanajulikana kwa sababu kuna watu waliokusanya ushahidi. James Murray, Mskoti aliyeanza kuihariri ile kamusi ya Oxford mwaka 1879, alifanya kazi ndani ya kibanda cha mabati alichokijenga bustanini. Alikiita Scriptorium. Watu wa kujitolea walisoma vitabu na kumpelekea vipande vya karatasi, kila kipande na sentensi moja, jina la kitabu, na mwaka. Watoto wake walivipanga vipande hivyo kwa alfabeti na kupewa hela ya matumizi. Alipohamia nambari 78 Banbury Road, Oxford, barua zilikuwa nyingi kiasi kwamba posta iliweka sanduku lake nje ya nyumba. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884, ya mwisho mwaka 1928. Murray alifariki mwaka 1915 bila kuuona mwisho, na herufi R ilikuwa mikononi mwa mwenzake, William Craigie. Ninachokiheshimu zaidi katika kazi yao ni kwamba hawakukaa mezani na kubuni maana. Kila maana iliyoingia ilikuwa na mtu aliyeitumia, mahali fulani, mwaka fulani. Toleo la pili lilipotoka mwaka 1989, bingwa alikuwa set, maana 430 kwa kitenzi, maneno kama 60,000 ya maelezo, ambao ni urefu wa riwaya nzima. Run ikaja kulipita.

Turudi kwetu. Ukitaka ndugu wa kweli wa run katika Kiswahili, si kukimbia. Ni kwenda, na mtoto wake kuendesha. Saa inakwenda. Biashara inakwenda. Tunaendesha gari, baiskeli, mkutano, kesi, semina, duka, nchi. Kuna jingine ambalo darasani liliamsha kila mtu: tumbo la kuendesha. Kiingereza cha mitaani nacho ugonjwa huohuo kinauita the runs. Sioni haya kulitaja, kwa sababu hakuna mfano ulio wazi kuliko huu. Lugha mbili zilizokua mbali kabisa zilitazama tumbo lisiloshikika, na kila moja kwa wakati wake ikachukua neno lake la mwendo usiozuilika. Dada wa mapokezi, ambaye huwa hasemi, ndiye aliyetaja kwanza. Baada ya hapo sikuhitaji kueleza tena kwa nini bomba, pua na tumbo vinakaa katika neno moja.

Na kukimbia? Hilo ni neno letu lenye historia yake, na mara nyingi mgongoni mwake kuna kitu kinachokutisha. Dereva amegonga mtu akakimbia. Fulani ameikimbia familia yake. Kutokana nalo tuna kimbilio, mahali pa kujisitiri, na mkimbizi, neno ambalo watu wa Kigoma hawahitaji kufafanuliwa. Kwa mashindano tunalo jingine, mbio. Tukimfundisha mtoto kwamba run ni kukimbia na kuishia hapo, tumemwazima neno lenye hofu kwa ajili ya neno ambalo mara nyingi halina hofu yoyote.

Uchaguzi ndipo ninapopenda kukaa zaidi na darasa langu. Mmarekani anayetaka urais, Kiingereza cha kwao kinasema anarun. Mwingereza anayetaka ubunge, kwa Kiingereza cha kwao, anasimama: stand ndilo neno. Lugha ileile, shughuli ileile, huku mtu yumo mbioni, kule amesimama mbele ya watu wamtazame. Sisi mtu wetu hakimbii wala hasimami, anagombea. Ni neno lilelile la watoto wawili wanaogombea embe moja, na ni jirani wa kugombana. Nadhani katika yote matatu letu ndilo lililosema ukweli wa siasa bila kupaka mafuta. Running mate, ambaye neno lake lilitoka kwenye mashindano ya farasi, tumemwita mgombea mwenza, na mbio zikapotea kabisa ndani yake; Wakenya walianza kumpigia kura mtu wa cheo hicho mwaka 2013 kwa katiba yao mpya ya 2010, na sijasikia aliyelalamika kwamba mbio hazimo. Ila magazeti yetu siku hizi yameandika sana "mbio za urais", na hapo unaona Kiingereza kikiingia kupitia mlango wa nyuma. Siyo dhambi. Wasomaji wanaielewa, na maneno yamekuwa yakivuka namna hiyo tangu majahazi.

Benki nayo ina run yake, na ndiyo inayowachanganya watu wanaosoma habari za uchumi. Septemba 2007 wateja wa Northern Rock, benki ya Uingereza, walipanga foleni nje ya matawi wakitaka akiba zao. Picha za siku zile zinaonyesha watu wamesimama, wengine wamekaa, wazee kwa vijana, foleni imepinda kona na haisogei. Anayejua kukimbia tu atauliza nani anakimbia hapo. Pesa ndiyo inayotoka, na haizuiliki. Machi 2023 huko Marekani hata foleni haikuhitajika: wateja wa Silicon Valley Bank walijaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, wengi wao wakiwa na simu au kompyuta mbele yao. Ajabu ni kwamba hapa Kiswahili kina jibu zuri, kukimbilia. Tunasema watu wamekimbilia benki kutoa pesa zao, na ile hofu iliyomo ndani ya kukimbia inakaa mahali pake kabisa.

Kriketi nitaipitia haraka, ingawa Wakenya watanikasirikia. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, Kenya ilipata mikimbio 166 (runs, yaani pointi za mchezo huo), kisha ikawatoa wachezaji wote wa West Indies, timu ya nchi za Karibi, wakiwa na 93 tu. Ilikuwa Kombe la Dunia na West Indies walikuwa miamba. Neno mikimbio linafaa, maana wachezaji wanakimbia kweli kati ya seti mbili za vijiti. Lakini mpira ukipigwa ukafika kwenye mpaka wa uwanja, timu inahesabiwa mikimbio minne bila mtu kulazimika kumaliza hatua moja. Ndiyo maneno yalivyo, yakishashika kazi yanaifanya hata pale sababu yake ya mwanzo isipokuwepo.

Asije mtu akadhani hii ni tabia ya Kiingereza pekee. Wageni wanaojifunza Kiswahili wanateseka na kupiga. Wameambiwa kupiga ni kumwadhibu mtu kwa fimbo au ngumi, halafu wanakaa nasi siku moja: tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga chafya, tunapiga hodi, tunapiga soga mpaka usiku. Anauliza, huyu mswaki amekosa nini? Sisi hatujawahi kujiuliza, kwa sababu hatukufundishwa kupiga kama neno lililosimama peke yake. Tulilipokea na mwenzake mkononi. Mama hakusema "piga". Alisema "piga mswaki ukalale".

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na nausema bila kuuma maneno. Orodha za neno moja kwa neno moja zinawaumiza wanafunzi wetu, na zinawaumiza zaidi wale ambao Kiingereza kwao ni chombo cha kazi. Mtoto akijua run kwa kukimbia tu, atakwama kwenye kijitabu cha jenereta, kwenye lebo ya kitambaa, kwenye mkataba, kwenye habari ya benki, na atajiona mjinga ilhali alichokosa ni kufundishwa. Tatizo halitatuliwi kwa kumkaririsha maana 645 pia. Hakuna Mwingereza anayezijua zote kwa hesabu. Anachojua Mwingereza ni wenzake wa neno: injini ikiwa karibu, run ni hii; rangi ikiwa karibu, ni ile.

Kwa hiyo darasani sasa hatuandiki run peke yake. Tunaandika jozi, na upande wa pili tunaandika vile ambavyo mtu wa kazi hiyo angesema Kiswahili. The engine is running: injini inawaka. The bus runs twice a day: basi lina safari mbili kwa siku. The contract runs for two years: mkataba ni wa miaka miwili, na ona kwamba kitenzi kimetoweka chote. It runs in the family: ni ya ukoo. We have run out of sugar: sukari imetuishia. He ran into his teacher: amekutana na mwalimu wake bila kutarajia, na wala hakumgonga. Mshonaji alileta lebo iliyokuwa imeshonwa ndani ya gauni la mtumba, colours may run, akasema mwenyewe kabla sijafungua mdomo: "Hii inachuja." Hakufikiria miguu hata kidogo. Alifikiria beseni, maji, na rangi nyekundu ikienda kwenye nguo nyeupe, yaani alifikiria maji yaleyale ya rinnan.

Fundi wa majenereta amekwenda mbali zaidi. Ameandika kwa maka peni, kwenye kipande cha boksi, maneno yake mwenyewe: ZIMA KWANZA NDIPO UTIE MAFUTA. Anakibandika kwenye kila jenereta linalopita mikononi mwake kwa ajili ya matengenezo. Kama mfasiri nakisifu kuliko tafsiri nyingi nilizoona kwenye maboksi yanayoingia nchini, kwa sababu kimeacha sentensi ya Kiingereza ilivyojengwa na kikaeleza jambo.

Si kila kitu kinakubali njia hii. Run a risk bado inanisumbua. "Kujihatarisha" ni nzito kidogo kwa mtu anayeacha tu mwavuli nyumbani. Run amok, kufanya vurugu bila kujizuia, ina historia nzuri, nusu yake ni neno la Kimalay lililovuka Bahari ya Hindi, lakini historia haimsaidii mwanafunzi kuitumia. In the long run tumeijibu kwa hatimaye, kwa baadaye, kwa "mwisho wa siku", na hakuna hata moja inayobeba ule urefu wa muda. Wiki ijayo tunaanza run down, na tayari najua ina betri iliyokwisha, nyumba iliyochakaa, mtu aliyedhoofika na mtembea kwa miguu aliyegongwa. Nimewaomba kila mmoja aje na sentensi moja kutoka kazini kwake. Muuza spea ameshaniambia ya kwake ni betri.